Duka la Shangazi na Bati Lenye Pande Mbili

Msinicheke bado. Subirini nifike kwenye povu.

Kwa aliyekuta gazeti la juma lililopita limeshafungiwa nyama buchani, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mchoraji wa mabango. Mtaa mzima huniita Brashi. Jina langu la kuzaliwa analijua mama yangu na mke wangu tu, tena mke wangu hulitumia pale mambo yanapoharibika.

Katikati ya barabara yetu kuu, barabara ambayo ukiianza na pipi mdomoni unaimaliza kabla haijayeyuka, kuna duka la Shangazi yangu. Miaka thelathini liliuza kila kitu: sabuni, misumari, daftari, uzi, tambi za taa. Magoti yalipomgomea, Shangazi alifunga, akahamia kwa binti yake, na ufunguo akaniachia mimi.

"Nitafutie mtu wa kuingia," aliniambia. "Sitaki stoo. Nataka asubuhi mlango ufunguliwe, na mtu atoke aseme habari za asubuhi."

Hiyo ilikuwa miezi kumi iliyopita.

Katika miezi hiyo kumi mimi sikutafuta mtu. Watu walinitafuta mimi. Kinyozi, tunayemwita Wembe, hakuniruhusu kupita: "Brashi, kaa nikupunguze." Mama Mikate naye: "Brashi, onja huu, umetoka jikoni sasa hivi." Nami kila mmoja nilimpa jibu lilelile: "Wewe usijali. Liko mikononi mwangu."

Sikudanganya. Ufunguo ulikuwa kwangu kweli, umening'inia shingoni kwenye uzi.

Niungame lililo kweli, maana nimeshaapa kuungama: nililipenda lile duka likiwa tupu. Kabla halijafungwa, mimi nilikuwa mtu wa kuambiwa "wewe, sogeza ngazi yako." Lilipofungwa nikawa mheshimiwa. Nilinenepa. Nikawa na kisogo kilichochongwa kuliko cha bwana harusi. Nani angekuwa na haraka?

Ndipo Alhamisi simu ikalia.

"Jumamosi saa nne nakuja," Shangazi akasema. "Nataka nimwone huyo mpangaji. Usiponionyesha mtu, shemeji yako ana magunia ya saruji yanatafuta pa kulala. Atayajaza humo hadi darini, na mlango utatiwa kufuli."

Hapo ndipo nilipowaacha, simu sikioni.

*

Mtu mwenye akili angechagua mpangaji. Mimi nilichora.

Ijumaa asubuhi Wembe alinifuata hadi nyumbani. Habari mtaani kwetu hazihitaji miguu.

"Nasikia Shangazi anakuja kesho. Bango langu liko wapi?"

"Bango lako?"

"Si ulisema nisijali? Sasa nataka kujua nisijali wapi."

Ningesemaje? Nilikwenda dukani, nikalishusha bango la zamani la Shangazi, bati zuri, zito, lisilo na kutu. Nikalipiga msasa, nikalichora. Herufi za bluu zenye kivuli cheusi, na mkasi pembeni: KINYOZI WA KISASA. INGIA MZEE, UTOKE KIJANA.

Kabla sijajipa pongezi, Mama Mikate akatokea.

"Mwanangu, bango langu? Nataka nilione kabla Shangazi yako hajalitia macho."

"Linakuja, mama."

"Lije asubuhi. Nitapita na sinia langu."

Sasa bati lilikuwa moja. Lakini bati, ukilitazama vizuri, lina pande mbili. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nachora huku kinyozi, huku mikate. Shangazi akifika, namsoma uso. Akimpenda huyu, natundika upande wa huyu, na ule mwingine unatazama ukuta mpaka siku ya kiama. Najua mnachotaka kuniambia. Mshika mawili moja humponyoka. Lakini mimi sikushika mawili. Nilishika moja lenye pande mbili, nikajiona mjanja kuliko waliotunga methali.

Jioni nikarudi nyumbani kwa furaha.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na korido, na ile korido ni ofisi ya mke wangu. Hapo ndipo ilipo cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza na magurudumu ya chuma. Miaka kumi na mmoja nimeingia nyumbani kwangu kwa kuinua mguu wa kulia juu ya kanyagio, kugeuza nyonga, na kukumbatia rundo la vitambaa. Wageni wanene huishia mlangoni. Na kwa kuwa korido haina dirisha, mke wangu huwasha taa saa sita mchana ili aone tundu la sindano. Nusu ya mtaa huu inavaa mkono wake.

"Lile duka la Shangazi," akaniuliza, akikata uzi kwa meno, "jua la asubuhi linaingilia wapi?"

"Mbele."

"Mlangoni au dirishani?"

"Kote kote. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Na kutoka kaunta hadi ukutani ni hatua ngapi?"

"Nne. Tano ukiwa na miguu yako. Mke wangu, maswali yote haya ya nini? Ah! Unataka kumshonea Mama Mikate mapazia!"

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyodai.

"Mapazia," akasema, akakanyaga cherehani.

"Wazo zuri sana. Nitakupigia debe kwake."

Nilijiona mume mwema. Nikala, nikanawa, nikajinyoosha.

"Huo uzi wa shingoni umeliwa," akaniambia baadaye. "Utapoteza ufunguo wa watu. Lete nikuwekee utepe."

Nikampa. Asubuhi nikaukuta ufunguo juu ya kiti, umevishwa utepe wa bluu uliokunjwa kingo na kushonwa vizuri. Nikauvaa bila hata kuutazama. Nani hukagua kitu alichopewa na mke wake?

*

Jumamosi, jua likitoka, nilikuwa mbele ya duka. Bati nimeliegemeza mlangoni, upande wa kinyozi umekauka na umegeukia mlango, na huku mbele namalizia mikate. Nyekundu ya mafuta, nzito, inayong'aa: MIKATE YA MOTO. Nikaweka na moshi unaopanda. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kwa kweli nilitamani mkate.

Mara nikasikia mluzi.

Wembe hupiga mluzi kabla hajaonekana. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na duka, turubai lililofungwa kwenye ukuta wa posta. Mvua ikianza, mteja huondoka na nusu kichwa na kurudi kesho kwa nusu iliyobaki. Ndiyo maana analitaka duka, na simlaumu.

Fundi wa rangi, siku ya kwanza kabisa, hufundishwa jambo moja: bati bichi haliegemezwi popote. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hilo, tena kwa ukali. Lakini hofu haijaenda shule. Nililishika bati kwa kingo, nikaligeuza, mikate ikalala mlangoni ikiwa mbichi, na kinyozi akatokea mbele akiwa mkavu.

Na mlango wenyewe ni mweupe. Niliupaka mimi, mara tu Shangazi alipoondoka. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa miezi kumi.

"Ingia mzee, utoke kijana," Wembe akasoma. Akasoma tena, polepole. Halafu akaziba mdomo kwa mkono na macho yakamlengalenga. "Brashi. Ndugu yangu. Miaka tisa mimi na turubai."

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Nilitaka nimwambie palepale. Lakini mtu akikuita ndugu huku analia, utaanzia wapi?

"Huwezi kumpokea Shangazi yako na ndevu hizo," akasema. "Twende."

"Baadaye, Wembe."

"Baadaye ya nini? Twende!"

Akanivuta ng'ambo, akanikalisha kitini, akanifunga shuka shingoni, akanipaka povu mpaka puani. Kiti chake kinatazama kioo kikubwa kilichopigiliwa ukutani, na barabara unaipa mgongo. Kwa hiyo ukiwa pale, mtaa wote unauona kiooni: duka la Shangazi, bati langu, benchi la nje ambalo siku hizi halikaliwi na mtu.

Akanyoa shavu la kulia. Laini. Akaniinua kidevu, akaweka wembe kooni.

Ndipo nikamwona kiooni Mama Mikate, sinia kichwani, anakuja.

Nikataka kuinuka.

"Usitikisike," Wembe akasema. "Hapa ni mahali pabaya."

Mama Mikate akafika mbele ya duka. Akasimama. Akalisoma bati. Akatua sinia juu ya benchi taratibu, kama mtu anayepunguza mzigo kabla ya ugomvi. Akalishika bati kwa mikono miwili, akalibandua mlangoni, akageuka nalo kuja upande wetu.

Mkono wa Wembe ukasimama.

"Brashi."

"Mmm."

"Kioo changu kinasema MIKATE YA MOTO."

Nikatazama. Mlango mweupe ulikuwa umelamba rangi yote. Herufi zilikuwa zimegeuka, zinatembea kinyumenyume, lakini kioo nacho hugeuza kila kitu. Kwa hiyo kilinyoosha kila kitu. Ungesimama barabarani ungeona matope mekundu tu. Kwenye kiti cha kinyozi, peke yake katika dunia nzima, maneno yalisomeka hadi moshi.

"Vioo vya siku hizi," nikasema bila kusogeza midomo.

Hakucheka.

Mama Mikate akavuka barabara na bati lake, akalisimamisha mbele yetu kama pazia. Yeye upande ule, Wembe upande huu.

"Wembe, hebu niambie, hili ni la nani?"

"La kwako unaniuliza mimi? Si limeandikwa mikate!"

"Wapi mikate? Limeandikwa kinyozi!"

Wakaligeuza. Wakasoma. Wakaligeuza tena. Halafu wakanigeukia mimi, wote wawili, na mimi nilikuwa na shuka shingoni.

"Tafadhali," nikasema, "kwanza uondoe wembe."

"Wembe utaondoka ukishasema."

Nikasema. Sikuwa na muda wa kupamba.

"Miezi kumi!" Mama Mikate akapiga kofi bati, rangi ikamrukia. "Miezi kumi unakula mikate yangu na kunipangusia makombo! Mimi naoka uani, moshi umenimaliza macho, najiambia vumilia, mtoto yule ameshaniahidi!"

"Na mimi nimemnyoa mpaka nywele zimechoka kuota!" Wembe akafuta wembe kwenye suruali yake, akaukunja, akautia mfukoni. "Inuka kwenye kiti changu."

"Wembe, bado shavu moja."

"Mwambie Mama Mikate akunyoe."

Watu walikuwa wameshajaa. Posta ilikuwa tupu, bucha lilikuwa tupu, mwenye mkokoteni alikuwa amesimamisha mkokoteni wake katikati ya barabara. Mzee mmoja akasema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Mwingine akamjibu, "Huyu ametiwa maji akaachwa hapohapo." Kicheko kikapita mtaa mzima na kurudi.

Mama Mikate, ambaye moyo wake haujui kukasirika kwa zaidi ya dakika tatu, akanisukuma begani.

"Nenda kanawe hilo povu. Shangazi yako akikukuta hivyo ataanguka, na mimi sitaki msiba juu ya hasara."

Nikakimbia nyumbani. Nikapita korido mbio, nikaingia chumbani, nikanawa. "Mke wangu!" nikaita. "Mke wangu, njoo nimekwisha!" Kimya. Nikadhani kaenda kupeleka nguo za watu. Nikatoka mbio vilevile nilivyoingia. Kwenda na kurudi sikugonga goti popote, jambo la ajabu kwa nyumba yetu, lakini maji yalikuwa yamezidi unga na sikuwa na nafasi ya kustaajabu.

*

Gari lilikuwa limeshafika.

Shangazi alisimama mbele ya duka lake na fimbo yake, mdogo, mkavu, kitambaa kichwani kimefungwa barabara. Pembeni yake shemeji yangu, mume wa binti yake, alikuwa tayari na futi ya chuma, anapima upana wa mlango.

"Magunia mia mbili, mama. Mia mbili na hamsini tukipanga vizuri."

Shangazi hakumsikiliza. Alikuwa anautazama mlango.

"Nani kaumwagia mlango wangu damu?"

"Ni rangi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba." Akanigeuza kidevu kwa ncha ya fimbo, upande huu, upande ule. "Na uso wako mbona umefika nusu?"

Watu wakakohoa. Nikasema ni habari ndefu.

"Basi tuiache. Nionyeshe mpangaji."

Wembe na Mama Mikate wakasogea mbele kwa pamoja, wakagongana mabega. Shangazi akawasikiliza mmoja mmoja. Wembe akamweleza habari za turubai na mvua. Mama Mikate akamweleza habari za moshi na macho, akampa na mkate, ambao Shangazi aliunusa kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wote wawili walisema vizuri. Wote wawili walikuwa na haki. Nikazidi kuwa mdogo.

"Watu wema," Shangazi akasema. "Wewe ulinichagulia yupi?"

"Nilikuwa bado naangalia, Shangazi."

"Miezi kumi unaangalia?"

"Mama, si nilikwambia," shemeji akaingilia, futi ikajikunja yenyewe twaa. "Tusipoteze siku. Tutie saruji, tufunge, twende zetu."

Hapo moyo ukaniuma kweli. Hebu fikirini: gunia halitoki mlangoni kusema habari za asubuhi. Gunia haliwashi taa jioni. Duka la katikati likifa, mtaa mzima huanza kupita upande ule kwa haraka, na mwisho hakuna anayepita. Na wa kulaumiwa si saruji. Ni mimi, niliyekaa juu ya ufunguo kwa sababu ya mikate ya bure na kisogo kizuri. Niliona aibu mbele ya watu wote, na niliistahili.

"Ngoja kwanza," Shangazi akamwambia mkwewe. Akanigeukia. "Miezi hii kumi mtaa mzima umekuomba wewe. Mimi nimepigiwa simu na mtu mmoja tu. Wala hakuniomba duka. Aliniuliza kama ile taa yangu inaning'inia juu ya kaunta au juu ya mlango. Nikamwambia, kama unataka kuingia si useme? Akanijibu, 'Hapana, Shangazi. Nataka mwenyewe aone.'"

Wanawake watatu wanne wakatazamana.

"Ni nani huyo?" Shangazi akaniuliza.

Nikafikiri. Nawaapia nilifikiri kwa nguvu zangu zote.

"Fundi umeme?" nikasema.

Shangazi akafumba macho.

"Nipe ufunguo," akasema.

Nikauvua shingoni, utepe wa bluu na vyote. Akauingiza kwenye kitasa. Haukugeuka. Akajaribu tena. Akautoa, akauinua kwenye mwanga.

"Huu si ufunguo wa duka langu. Duka langu lina ufunguo mmoja wa milango miwili, mbele na nyuma, na umevunjika jino. Huu ni wa sanduku la nguo."

Nikauchukua. Nikaujua. Ni wa sanduku alilokuja nalo mke wangu siku ya harusi yetu.

Na wakati nikiwa nimeushika, ndani ya duka kukasikika sauti.

Tara-tara-tara-tara. Ikanyamaza. Tara-tara-tara.

Mwenye mkokoteni akainua uso, akaanza kuchunguza mawingu kwa makini sana. Sikuhitaji kuambiwa. Hiyo sauti nimelala nayo miaka kumi na mmoja. Ndipo nikayakumbuka magoti yangu, na ile korido tupu niliyoipita mara mbili nikikimbia, bila kuinua mguu, bila kukumbatia chochote. Ndipo nikakumbuka jua linaingilia wapi, na hatua tano. Nami nikamwambia mapazia!

Shemeji akataka kuzunguka mlango wa nyuma. Shangazi akamzuia na fimbo kifuani, akaugonga mlango wa mbele mwenyewe.

"Hodi."

"Karibu, Shangazi," sauti ya mke wangu ikajibu kutoka ndani, tulivu kabisa. "Habari za asubuhi."

Shangazi akakaza midomo, na sikuweza kujua kama anazuia kicheko au kilio.

"Njema, mkwe wangu. Nifungulie."

"Nitafungua. Sikuja kuiba duka la mtu. Lakini nimeingilia nyuma, na wa mbele sitaki kuufungua kabla sijajibiwa." Kisha akaniita. Akaniita kwa jina langu la kuzaliwa, mbele ya mtaa mzima, na watu wakageuka kutafuta ni nani anayeitwa hivyo. "Upo hapo?"

"Nipo."

"Nina swali moja. Sikuombi kitu, nataka jibu tu. Kila mtu umemwahidi duka hili. Kinyozi umemwahidi, Mama Mikate umemwahidi, na sijui wangapi wengine. Mimi unanivuka kila siku kwa mguu ukiingia, unanivuka kwa mguu ukitoka. Katika miezi yote hii kumi, ni lini nilikupitia kichwani?"

Wembe akatazama viatu vyake. Mama Mikate akajishika shavu.

"Ukisema kweli," mke wangu akaendelea, na sasa sauti yake ilitetemeka kidogo, "tutaona. Ukinipamba kama unavyowapamba wenzako, nitajua. Natoka na cherehani yangu kwa mlango wa nyuma, na mkokoteni hautaelekea kwako."

Uongo ulinijia haraka, mzuri, tena mwingi. Nilikuwa nakuficha nikushangaze. Nilikuwa namngoja Shangazi. Wewe ndiye wa kwanza siku zote. Ungekolea. Mimi ni mtu wa mabango, kazi yangu ni maneno ya kukolea.

Nikausogelea mlango. Nikaegemeza shavu lile lenye ndevu juu ya mbao, na ile rangi mbichi ikanishika usoni.

"Hata siku moja," nikasema. "Hukunipitia hata siku moja."

Nikangoja nisikie komeo. Nikangoja nisikie cherehani. Sikusikia hata kimoja.

Halafu, kwa mbali, nyuma ya duka, mlango ukalia. Kama alikuwa anatoka au ananifungulia, nitawaambia juma lijalo.